Pesa thelathini na mbili: neno dogo lililotoka India na hesabu tuliyoisahau

Jumamosi moja mwezi uliopita niliitwa Mtongwe kwa ami yangu, baada ya alasiri. Nilikwenda nikidhani ni chai na mahamri. Nilipofika nikakuta viatu vimejaa mlangoni, vya wakubwa kwa wadogo, na ndani watu wamekaa makundi mawili, wa upande huu hawawatazami wa upande ule. Nikajua leo hapana mahamri.

Katikati ya mkeka palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi mbili kuukuu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ya kwanza ni ya mwezi wa Shaabani mwaka 1319 wa Hijria, yaani mwishoni mwa 1901 kwa tarehe za Kizungu. Ndugu mdogo anakiri kuwa amekopa kwa kaka yake na ameweka rehani shamba lake la minazi. Mipaka imetajwa kama walivyokuwa wakiitaja wazee: mbuyu, kisima, njia ya kushukia pwani. Deni lenyewe limeandikwa kwa maneno, rupia ishirini na pesa thelathini na mbili. Karatasi ya pili ni ya miaka miwili baadaye. Kaka mtu anasema amepokea kutoka kwa ndugu yake rupia ishirini na nusu. Chini yake palikuwa na maneno mengine, lakini mchwa wamekula.

Hao ndugu wawili wamefariki zamani, Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliokaa kwenye mkeka ni wajukuu na vitukuu vyao. Minazi imebaki mitatu, mmoja hauzai. Lakini tangu barabara ya Dongo Kundu ianze kuzungumzwa, kila shina la mnazi upande wetu huu lina bei yake, na wale wanaokaa kwenye shamba wanataka kujenga vyumba vya kupangisha. Hao ndio kizazi cha kaka mtu, yule aliyekopesha. Kizazi cha mdogo mtu wanasema haiwezekani, deni lililipwa, na rehani ikilipwa shamba hurudi kwa mwenyewe.

Wale wa kwanza hesabu yao ilikuwa hivi. Babu yenu alichukua rupia ishirini, kisha akachukua na pesa nyingine thelathini na mbili. Jumla ni hamsini na mbili. Akarudisha ishirini na nusu. Zimebaki thelathini na moja na nusu. Deni halikwisha, basi rehani haikukombolewa, na shamba ni letu.

Upande wa pili walikuwa na kijana wao aliyefanya kazi Muscat miaka minane. Yeye ndiye aliyewasomea karatasi, kwa kuwa herufi za Kiarabu anazisoma mbio mbio. Neno la pesa pale limeandikwa kwa be, maana waandishi wetu wa zamani wengi hawakujisumbua kutafuta herufi ya pe. Akalisoma "baisa". Akasema, "Ami, mimi baisa nazijua. Baisa elfu moja ndiyo riale moja ya Oman. Baisa thelathini na mbili hununui hata peremende. Hapa deni ni rupia ishirini, na hicho kingine ni vumbi tu."

Maneno yake yaliwapendeza watu wake, mpaka mzee mmoja wa upande wa kwanza akamuuliza: "Na hiyo nusu rupia aliyoizidisha babu yako, ilikuwa sadaka?" Kijana akanyamaza.

Ndipo ami akanigeukia mimi. "Wewe si unaandika andika huko kwenye mtandao? Hebu tuambie, pesa ni nini?"

Nina diploma ya uhasibu. Nimeshika vitabu vya watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikawaomba wanipe juma moja, na makala haya yametokana na juma hilo.

Leo tukisema pesa tunakusudia kitu chote hicho: noti, sarafu, iliyo kwenye simu, iliyo benki, hata ile ambayo hatuna. Lakini wakati karatasi ile inaandikwa, pesa kwanza ilikuwa kitu cha kushikwa. Ilikuwa sarafu moja ndogo ya shaba nyekundu. Mtu alikuwa na pesa moja, pesa mbili, pesa nne, kama sisi tunavyosema kuwa na bob tano. Na sarafu hiyo ilikuwa na cheo chake kilichojulikana: pesa nne ni ana moja, ana kumi na sita ni rupia moja. Piga hesabu, pesa sitini na nne kwa rupia. Nusu ya sitini na nne ni ngapi, nadhani msomaji umekwisha kuniwahi, lakini ngoja kwanza.

Hesabu hiyo haikubuniwa Mombasa. Ilikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Kachchh, Gujarat na Bombay, pamoja na nguo, mchele na wafanyabiashara wenyewe. Kwa Kihindi sarafu hiyo ni paisa. Kwa Kigujarati moja huitwa paiso, zikiwa nyingi ni paisa. Na kwa lugha zote mbili, kama kwetu, neno hilo hilo limepanuka likawa jina la fedha kwa jumla. Kwa hiyo sisi hatukuchukua sarafu peke yake, tulichukua na tabia ya neno.

Nilivuka feri nikaenda Biashara Street, kwa mzee mmoja wa Kigujarati ambaye mama yangu alikuwa akinunua leso kwake tangu mimi sijaanza chuo. Nilimkuta amekaa pale pale alipokuwa amekaa utotoni mwangu. Nikamuuliza paisa ni nini. Akacheka, akasema ni kile ambacho wateja siku hizi hawana. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwao, mtu akisema kweli tupu isiyo na doa, husemwa amesema ana kumi na sita. Yaani rupia nzima, haikupungua hata pesa moja. Ana zilikwisha kutumika India tangu 1957, waliposema rupia iwe na paisa mia moja badala ya sitini na nne, lakini msemo umebaki midomoni. Akaniambia pia kwamba robo kwao ni "pa". Robo ya kitu chochote.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Maelezo yanayotolewa sana na wenye elimu ya lugha hizo ni kuwa paisa limetokana na maneno mawili ya Kisanskriti, lugha kongwe ya India: pada na ansha. Ansha ni sehemu. Pada asili yake ni mguu. Na kwa kuwa ng'ombe ana miguu minne, mguu mmoja ukawa ni robo. Ukiunganisha unapata "sehemu ya robo", na ndivyo ilivyokuwa, pesa moja ni robo ya ana. Neno hilo la mguu wakalitumia hata kwenye mashairi. Ubeti wa Kisanskriti kwa kawaida una vipande vinne, na kila kipande huitwa pada, mguu wa ubeti. Sisi tuna mishororo minne. Sidai kuwa tulijifunza kwao, nasema tu kwamba mshairi wa Lamu na mshairi wa Benares, kila mmoja kwao, waliona ubeti unasimama vizuri ukiwa na miguu minne.

Rupia nayo ni ya huko huko. Kwa Kisanskriti rupya ni fedha iliyofuliwa na kupigwa chapa. Aliyeisimamisha kuwa sarafu ya dola nzima alikuwa Sher Shah Suri, mfalme Mwislamu wa asili ya Afghanistan aliyetawala Delhi kutoka 1540 hadi 1545. Alikuja mtu wa la ilaha illa Llah, akapiga sarafu ya fedha, akaiita kwa jina la Kisanskriti lililokwisha kuzoeleka sokoni. Mfalme huyo namtaja kwa makusudi, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Kwetu pwani, kabla ya rupia kushika, pesa kubwa ilikuwa riale, ile sarafu nzito ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo kila iliyopigwa iliandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Riale ilikuwa nzuri kwa kununulia pembe au jahazi. Kwa kununulia samaki wa jioni haifai, ni kama kumpa mama muuza viazi karai noti ya elfu asubuhi na mapema. Ilihitajika chenji. Tangu enzi za Seyyid Said, aliyefariki 1856, pesa za shaba zikaletwa kutoka India kwa ajili ya kazi hiyo. Forodha ya Unguja nayo ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachchh, kwa hiyo vitabu vya mapato ya Sultani vilikuwa vikishikwa na watu ambao paisa ni lugha ya mama yao. Padri Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka 1870, tayari ameliweka neno pesa kama neno la Kiswahili, jina la sarafu ndogo iliyotumika huko. Thamani yake kwa riale ilikuwa ikipanda na kushuka, mara unapata nyingi, mara chache. Wenye kubadilisha wakala hapo katikati, jambo ambalo halijabadilika.

Seyyid Barghash akaona naye apige pesa zake mwenyewe. Ziko za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, za shaba, na zina picha ya mizani. Mizani ile naipenda. Mfalme angeweza kuweka jina lake kubwa na upanga, akaweka chombo cha mwenye duka.

Kisha ikaja zamu ya Mombasa. Mnamo 1887 Sultani aliwakodisha Waingereza ukanda wetu wa pwani, na 1888 ile kampuni ya kibeberu ya Afrika Mashariki ikapata hati yake ya kifalme kutoka London. Karibu jambo la kwanza kampuni ilifanya ni kupiga sarafu. Ziko pesa za shaba zilizoandikwa Mombasa, zikiwa na miaka miwili juu yake, 1888 ya Miladi na 1306 ya Hijria, ili kila mmoja asome mwaka wake. Nilipokuwa mdogo nyanya yangu alikuwa nazo mbili ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo na sindano. Tukizichezea kwenye bao kama kete. Ziko wapi leo, Mungu ndiye ajuaye. Kampuni ilipofilisika na serikali ya Uingereza ikachukua nchi mwaka 1895, zikapigwa pesa nyingine, za 1897 hadi 1899, zenye kichwa cha Malkia Victoria. Mwaka 1896 reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa kwa mikono ya maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India, na mishahara yao ilikuwa kwa rupia. Kwa hiyo ndugu wetu wawili walipokopeshana mwishoni mwa 1901, reli ikiwa inakaribia Kisumu, hakukuwa na mtu Likoni, Mtongwe wala Timbwani ambaye angeuliza pesa thelathini na mbili ni kitu gani. Ni nusu rupia. Hata mtoto anayetumwa dukani angejua.

Rupia ishirini na pesa thelathini na mbili ni rupia ishirini na nusu. Deni na malipo ni kitu kimoja, kilichoandikwa kwa njia mbili. Mkopaji alipoandika alihesabu kwa sarafu alizotiwa mkononi, kaka yake alipopokea akafupisha. Ana kumi na sita, kama asemavyo yule mzee wa leso.

Tulivyoisahau hesabu hii nako kuna kisa. Serikali ya kikoloni iliachana na pesa kama sarafu kuanzia 1906, rupia ikagawanywa kwa senti mia moja. Mwaka 1920 rupia yenyewe ikaondolewa, ikaja florini, ambayo haikukaa hata miaka miwili, kisha shilingi ikashika mahali pake. Rupia moja ilihesabiwa shilingi mbili. Ilipokufa sarafu, jina halikuwa na mwili wa kukaa, likapanda juu likawa jina la fedha yote. Sarafu ya chini kabisa sokoni ndiyo iliyorithi jina la mali yote, na riale, iliyokuwa kubwa lao, leo ukiitaja Likoni watu watadhani unazungumzia Saudia.

Wenzetu wa Tanganyika walipita njia nyingine kidogo. Kampuni ya Wajerumani nayo ilipiga sarafu za pesa, za mwaka 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kijerumani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili. Lakini 1904 Wajerumani wakaifuta pesa wakaleta heller, mia moja kwa rupia. Ndiyo maana Mtanzania akikwambia hana hela, anatumia jina la Kijerumani, na Mkenya akikwambia hana pesa, anatumia la Kihindi. Ukame ni ule ule. Mganda naye anasema ensimbi, ambazo asili yake ni simbi, zile kauri za baharini zilizokwenda bara kutoka pwani hii hii. Na fedha, neno ambalo wizara na mabenki wanalipenda kwa kuwa linasikika limevaa tai, ni fiddha ya Kiarabu, ile madini nyeupe yenyewe. Noti zetu za Kenya zimeandikwa shilingi. Pesa, neno tunalolitaja mara mia kwa siku, halikupewa noti hata moja.

Na yule kijana wa Muscat? Alikosea hesabu lakini sikio lake halikukosea. Baisa ya Oman ni paisa hii hii. Kiarabu hakina pe, kwa hiyo ikawa be. Nchi za Ghuba zilitumia rupia ya India kwa miaka mingi, na Oman haikuiacha mpaka 1970. Ilipopata riale yake, ikaigawanya kwa baisa elfu moja. Kwa hiyo mabinti zetu wa Bofu na Shika Adabu wanaofanya kazi kule, wakipewa risiti iliyoandikwa baisa, wanasoma neno ambalo nyanya zao walilitumia kununulia mkaa. Ndugu wawili waliozaliwa India, mmoja akalelewa Muscat, mmoja Mombasa, wakapotezana. Kosa la kijana ni kuchukua cheo cha mmoja akampa mwenzake.

Niliporudi Mtongwe na kueleza yote haya, wazee walitikisa vichwa, lakini nilipotaja Kisanskriti kijana mmoja wa upande wa nyuma, mwenye ndevu nzuri na kanzu safi, aliinua mkono. Akauliza kwa adabu, ila kwa wasiwasi wa kweli: "Ustadh, lugha hiyo si ndiyo ya ibada zao? Sasa sisi kwenye msikiti tunaandika 'mchango wa pesa'. Si bora tuandike fedha, ambalo angalau ni la Kiarabu?"

Mimi si ustadh, na nilimwambia hivyo. Lakini swali lake sikulicheka, na sikupenda waliolicheka. Nimewahi kulisikia Kisauni pia, na nimewahi kulisikia kwa upande wa pili, mtu wa bara akituambia Waswahili kwamba hatuna lugha, yote ni ya Waarabu. Maswali haya mawili ni pacha. Yote yanadhani neno hubaki mali ya nyumba lilikozaliwa.

Nilimjibu hivi. Dinari imetajwa katika Surat Aali Imran. Dirhamu zimetajwa katika Surat Yusuf, aliponunuliwa kwa thamani ndogo. Dinari jina lake linarudi kwa Warumi, denarius yao. Dirhamu inarudi kwa Wagiriki, drakhma yao, ikapitia kwa Waajemi. Waarabu walizipokea sarafu na majina yake kabla ya Uislamu, kwa biashara, kama sisi tulivyopokea pesa. Na Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, karibu na mwaka wa 77 wa Hijria, alipoamuru zipigwe sarafu zenye maandishi ya Kiislamu matupu, alibadilisha maandishi. Majina aliyaacha.

Tena katika pepo tumesimuliwa kafuri na tangawizi, zote mbili katika Surat al-Insan, na miski katika Surat al-Mutaffifin. Wenye elimu ya lugha wanayafuata maneno hayo, kafur, zanjabil na misk, mpaka India na ng'ambo yake, yakipitia Uajemi. Wanazuoni wetu wamekhitalifiana. Imam Shafi alishikilia kuwa Qur'ani yote ni Kiarabu. Wengine wakasema asili iko nje, lakini Waarabu walikwisha kuyatia ulimini mwao yakawa Kiarabu kabla hayajateremshwa. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijria, aliandika kitabu kizima kuyakusanya maneno ya namna hiyo. Hakuna kati yao aliyesema misk ipunguziwe harufu kwa sababu ya ilikotoka.

Kijana alifikiri kidogo akasema, "Basi na sukari?" Nikamwambia hapo umejichongea mwenyewe, kwa sababu sukari tumeipata kwa Waarabu, sukkar, nao asili yao ni sharkara ya Kisanskriti, maana yake changarawe. Pilipili nayo ni pippali. Ukitaka kuyatoa yote, anza na jikoni kwa mama yako, uone kama utapata futari.

Na ukishamaliza jikoni, uende barabarani. Gari ni neno la Kihindi. Cheti, kile unachokitafuta chuoni miaka mitatu, ni chithi yao, barua fupi. Bima imetoka huko huko, na mzizi wake ni wa Kiajemi, bim, hofu, jambo ambalo kila aliyewahi kulipa bima ya matatu atalielewa bila kamusi. Dobi ni wao. Gunia ni lao. Laki, neno ambalo dalali wa viwanja wa Likoni hawezi kupumua bila hilo, ni laksha ya Kisanskriti, mia elfu. Mwingereza alitawala hapa akatuachia milioni, lakini kwenye mia elfu akatukuta tumekwisha kujaa.

Nayasema haya pia kwa sababu nyingine. Siku hizi nasikia vijana wakisema Wahindi wa Mombasa ni wageni, kana kwamba walishuka jana Moi International. Wapo waliofika zamani na waliofika juzi, kama sisi wengine. Wapo matajiri waliotunyonya, na hilo sitalificha kwa ajili ya ujirani. Vitabu vya madeni vya wakati wa karafuu na pembe havikuandikwa kwa huruma. Mashamba mengi ya pwani yaliondoka kwa karatasi kama hizi za Mtongwe, tofauti ni kwamba mkopeshaji hakuwa kaka. Lakini huwezi kumwita mgeni mtu ambaye bila neno lake huwezi hata kumwambia kuwa hakulipi.

Kuna jambo moja la kuchekesha nililolipata katika juma lile. Machi 2007 M-Pesa ilianza hapa Kenya, na hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kuwa mwaka 2013 Vodafone iliipeleka India, na jina lile lile, M-Pesa. Wahindi wakaliona kwenye mabango wakalisoma bila taabu, maana ni lao, limekaa Afrika likarudi na herufi moja mbele na e mahali pa ai. Haikudumu, ilifungwa kabla miaka kumi haijaisha. Safari ya kwanza ya neno hilo ilikuwa kwa jahazi na likakaa moja kwa moja.

Turudi kwenye mkeka. Nilipomaliza hesabu, nikaandika kwenye karatasi kwa kalamu: 64 gawanya kwa 2. Nikaizungusha kila mtu aione. Mzee wa upande wa wakopeshaji, yule aliyeuliza habari ya sadaka, aliishika muda mrefu. Akauliza kama nina hakika ni sitini na nne. Nikampa mfano wa florini na shilingi, maana hiyo aliisikia kwa baba yake: rupia moja shilingi mbili. Akasema ndiyo, hiyo anaikumbuka. Shangazi mkubwa, ambaye muda wote alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba tukidhani amesinzia, akasema kutoka pale pale, "Kwa hiyo hiyo nusu ni shilingi moja." Nikasema ndiyo, shangazi, ni shilingi moja. Akasema, "Harusi ya mwanangu hamkuja kwa shilingi moja," akageukia ukutani.

Hapakuwa na kukumbatiana. Upande wa kwanza sasa wanasema hata kama deni lililipwa, wao wamelilinda shamba miaka mia na zaidi, wamelipa ada, wamechimba kisima kipya, na hilo nalo lina thamani. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na mwenye kuihukumu si mimi wala neno la Kisanskriti. Ami ameamua wazee watatu kutoka kila upande wakae kabla ya mtu yeyote kwenda kwa kadhi au kwa wakili. Vyumba vya kupangisha vimesimamishwa kwa sasa, mawe yamerundikwa chini ya mnazi usiozaa. Karatasi nilizipiga picha kwa simu, mbele na nyuma, na nimewaomba wasizitie plastiki ya moto kwa sababu wino wa zamani haupendi joto.

Kuna karatasi ya tatu inayosemekana ilikuwako, ya mwaka 1322, iliyokuwa ndani ya msahafu wa bibi mmoja aliyehamia Tanga. Kijana wa Muscat amejitolea kwenda kuitafuta.